Vivuli vya Chini ya Ngazi

Chumba cha chini ya ngazi kilianza kunukia kama Shangazi.

Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa ile ile ya dawa ya kuchua magoti, sabuni ya kipande na nguo iliyopigwa pasi kabla haijakauka vizuri. Kidege angeitambua hata akiwa amefumba macho, kwa sababu alilelewa ndani yake. Kilichomshangaza ni kwamba Shangazi hakuwa akiingia chumba kile. Mlango wake ulikuwa mfupi, wa kuinama, na magoti ya Shangazi yalikwisha kukataa kukunjika tangu miaka mingi. Mle ndani mlikuwa na ndoo, fagio kuukuu, maboksi ya karatasi na mashine nyeusi ya kuhifadhia kazi zote za ofisi. Waliiita Tumbo.

Kidege alinusa tena, akarudisha mlango, akapanda juu na kikombe cha chai. Alimwamkia Shangazi, akainama kumrekebishia mto mgongoni. Hapo akashtuka. Shangazi hakunukia kitu chochote. Alikuwa kama bilauri iliyosuuzwa ikapanguswa.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya familia, ghorofa ya chini, nao waliishi juu yake. Walichapa mikataba, wosia, maombi ya kazi, hotuba za harusi na wasifu wa marehemu. Shangazi aliianza kwa taipureta moja sebuleni, akaifikisha kwenye kompyuta nne, zote zikiandika moja kwa moja ndani ya Tumbo ili yeyote aweze kuendeleza kazi ya mwenzake. Pamoja na maendeleo hayo yote, aliishika sheria moja ya siku za taipureta: kazi ya mtu haifungwi mgongoni kwake. Zamani hakuwahi kuichomoa karatasi kwenye mashine kabla mwenyewe hajaja kuisoma na kusema "sawa". Basi hata sasa waraka ulibaki wazi kwenye kioo mpaka mteja arudi, awe amekwenda sokoni au amekwenda safari. Ofisi ikifungwa kwa chakula cha mchana, vioo vilifunikwa vitambaa, na chini ya vitambaa nyaraka zilibaki wazi, zikimsubiri kila moja mtu wake. Umeme ulipokatika, nao ulikatika mara kwa mara, mashine zilizimika hivyo hivyo, zikiwa na maneno mdomoni.

Asubuhi hiyo Tumbo lilikataa kupokea kazi. Nafasi imejaa.

"Imejaa nini?" aliuliza Bwana Koma. Alikuwa mkaguzi wa maandishi, mtu mwembamba aliyeweza kukosa usingizi kwa sababu ya nukta, na aliyewahi kumsahihishia jirani kibao chake cha mbwa mkali wakati mbwa mwenyewe akimtazama. "Wiki nzima tumeandika barua tatu na wosia wa mtu asiye na mali."

Wakamwita Waya, binamu yake Kidege, fundi wa kompyuta. Alikuja na begi lake begani na haraka yake usoni, akakaa mbele ya kioo, akacheka.

"Haya si matatizo ya mashine, haya ni matatizo ya ukoo," alisema. "Sikiliza, dada. Ukifungua waraka, kompyuta inautengenezea kivuli pembeni. Faili la muda. Ukifunga kistaarabu, kivuli kinafutika. Nyinyi hamfungi! Umeme ukikatika, kivuli kinabaki hakina mwenyewe. Tazama hapa. Ni maelfu."

"Vinafanya nini humo?"

"Vinakula nafasi tu. Ni kama wageni wa msiba ambao msiba umekwisha nao hawaondoki."

"Usifute kabla hujavifungua," Kidege alimwambia. "Pengine ndani kuna kazi ya mtu."

"Niachie mimi."

Simu yake ilikuwa inaita. Mteja mwingine alikuwa akimsubiri mtaa wa pili. Kidege alipotoka kumpokea mtu mlangoni na kurudi, Tumbo lilikuwa limepata nafasi tele na Waya alikuwa akifunga zipu ya begi lake.

Siku ile haikuwa siku ya kawaida kwa Kidege. Ilikuwa tarehe aliyozaliwa, nayo ndiyo tarehe aliyofiwa na mama. Baba yake alikuwa mbali kikazi wakati ule, na hakurudi kukaa. Picha ya mama haikuwapo hata moja. Kila kitu ambacho Kidege alikuwa nacho cha mama yake kilikuwa ndani ya kichwa cha Shangazi, na kila mwaka tarehe ile, baada ya chakula cha mchana, Shangazi alikitoa na kumpa: mvua iliyokuwa ikipiga bati la hospitali, kitanda cha dirishani, mama akiomba maji, Shangazi akitoka kuyafuata, kisha akirudi na kumkuta mama akicheka peke yake na kusema, "Wifi, tazama, huyu amechukua kidole chako cha mguu, kibaya hivyo hivyo." Halafu mama akalala. Asiamke.

Kidege aliijua hadithi hiyo neno kwa neno. Hata hivyo alikaa chini miguuni pa Shangazi kama mtoto, akasema, "Haya, Shangazi. Nihadithie mama."

Shangazi alimtazama kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni wa jirani.

"Mama yako," alisema. "Yuko wapi siku hizi?"

Walisema ni uzee. "Uzee haupigi hodi," alisema Bwana Koma, akapangusa miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Daktari alimpima Shangazi presha na sukari, akasema yuko imara kuliko yeye daktari. Lakini Shangazi aliendelea kupungua. Leo alisahau jinsi ya kufunga kilemba, kesho akasahau ni upande gani wa kitanda aliozoea kulala. Wala hakuhuzunika, na hilo ndilo lililomtisha Kidege. Mtu anayesahau hupapasa, hutafuta, hukasirika. Shangazi alikuwa ametulia kama chumba kilichofagiwa.

Na Tumbo likawa linajaa tena, kwa kasi ambayo ofisi yenye kazi mara mbili isingeweza kuilisha.

Mchana mmoja walikuwa mezani, wao wawili, jua likiwa juu ya utosi na barabara imenyamaza kwa joto. Ofisi ilikuwa imefungwa. Kidege alisikia mtu akichapa kule chini. Alidhani ni Bwana Koma amerudi mapema. Kisha akausikia mwendo wenyewe: mbio ndefu ya vidole, kimya kifupi, halafu kidole gumba kikidondoka kwa nguvu mara moja, tak, kama mtu anayegonga mlango. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyechapa namna hiyo, naye alikuwa ameketi mbele yake, mikono miwili imelala mapajani, akitafuna.

Akashuka polepole akiushika ukuta, ngazi baada ya ngazi, huku mchapo ukizidi kuwa wazi na ile harufu ya dawa ya magoti na pasi ikimpanda puani mpaka ikawa kama Shangazi anatembea mbele yake, akaingia ofisini na kukuta vitambaa vyote juu ya vioo, viti vyote vitupu, kibodi zote zimetulia, na sauti ikitoka chini ya ngazi, nyuma ya ule mlango mfupi, ambako hapakuwa na kibodi wala kiti wala nafasi ya mtu kukaa; akakifunua kioo kilichokuwa karibu, akafungua orodha ya Tumbo, na mbele ya macho yake akaona vivuli vikizaliwa, kimoja, kingine, kingine, kila tak ikileta kimoja, akakifungua kilichokuwa kimezaliwa sasa hivi, akasoma: *Chumvi naiweka kwenye kopo la bluu, lile la kijani lina kutu, nilishamwambia Kidege alitupe naye analionea huruma kwa sababu alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza.*

Hapo sauti ikamjia kutoka juu, nyepesi, haina wasiwasi.

"Wee binti! Hivi humu ndani chumvi mnaweka wapi?"

Bwana Koma alipoambiwa, hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba Tumbo lina masikio, "Mimi si mtu wa mambo haya. Lakini yule fundi viatu wa ng'ambo ya barabara..."

"Yule aliyeniharibia soli?"

"Soli ni riziki tu. Hili lingine ni kipawa. Alimtoa shemeji yangu kitu kilichokuwa kikimcheka tumboni."

Fundi viatu alikuja mchana ule ule na nyundo yake mkononi, akawakataza kuvua viatu mlangoni. "Msivivue, nitaanza kuvikagua na kazi haitafanyika." Alikuwa mfupi, kifua kipana, vidole vyeusi kwa gundi. Mlango wa chini ya ngazi hakuufungua. Alipiga magoti, akaugonga kwa mpini wa nyundo, akatega sikio. Kutoka ndani ukagongwa vile vile. Bwana Koma akashika kiti.

"Nani anaishi juu?" aliuliza fundi viatu.

Wakamweleza yote: vioo vilivyoachwa wazi, vivuli, chumvi. Waya alikuwapo pia, ameitwa, anatazama saa.

"Si jini la kuua," fundi viatu alisema hatimaye. "Afadhali lingekuwa la kuua, ningelijua bei yake. Huyu ni mpangaji. Hana nyumba, anatafuta nyumba. Nyumba aliyoipenda ina mwenyewe na vyombo vyake. Basi afanyeje? Anatoa vyombo kimoja kimoja, anaviweka stoo. Kikombe leo, kiti kesho. Siku nyumba itakapokuwa tupu ataingia, atakaa kitako, nanyi mtampelekea chai na kumwamkia."

Kidege aliutazama ule mlango mfupi. "Aliingiaje?"

"Mlimwachia milango wazi na kuifunika vitambaa. Mlifikiri ni heshima."

"Lakini Tumbo lilikuwa limejaa," alisema Bwana Koma. "Lilikataa kabisa."

"Hiyo ndiyo ilikuwa heri yenu. Stoo ikijaa, vyombo vinabaki nyumbani. Nani aliongeza nafasi?"

Macho yakamwendea Waya.

"Mimi," alisema. "Vile vya kwanza. Lakini vilikuwa vitupu. Nilivifungua vyote, havikuwa na kitu."

"Vyote?"

"Nimesema vyote, mzee."

"Mimi si mzee wako. Nauliza kwa sababu mpangaji hahitaji nyumba nzima. Chumba kimoja kitupu kinamtosha."

Waya akainamia waya aliokuwa akiuviringa kidoleni. "Vilikuwa vitupu," alirudia.

Dawa ya fundi viatu haikuwa na moshi wala damu. Vyombo vilivyotolewa, alisema, virudishwe kwa mlango wa mbele. Kompyuta zote zizimwe isipokuwa moja. Kivuli kifunguliwe, kisomwe kwa sauti sikioni mwa mwenyewe, kisha kifungwe kistaarabu. Asiruke mtu hata kimoja. Wala mtu asisimame kabla havijaisha, kwa sababu kila kinachorudishwa kinaacha nafasi stoo, na mpangaji ataitaka nafasi hiyo.

Wakamteremsha Shangazi, wakamkalisha karibu na mlango mfupi. Kidege akaanza. Alisoma chumvi. Alisoma upande wa kitanda, kilemba, bei ya riboni za taipureta, ugomvi wa zamani na mwenye nyumba. Vingi vilikuwa vidogo mno, mstari mmoja, nusu mstari: rangi ya viatu vya mtu fulani, wimbo usio na mwisho. Koo lilipomkauka, Bwana Koma alimpokea, naye hakusahihisha kitu, ingawa paji la uso lilimtoka jasho kila alipopita pasipo na nukta. Kila kivuli kilipofungwa, kilipotea kwenye orodha, na Shangazi alipumua kama mtu anayeteremshiwa mzigo mapajani.

Chini ya ngazi mchapo ukaanza. Mwanzo polepole, kisha mbio, tak, tak, tak, na orodha iliyokuwa ikipungua ikaanza kuongezeka upande wa chini, wakawa wanasoma huku wanaporwa, Kidege akimeza maneno, Bwana Koma akifunga, fundi viatu akiugonga mlango kwa nyundo kila pigo la kule ndani ili kuuvuruga mwendo wake, na harufu ya pasi ikageuka ikawa ya nywele zinazoungua, na mlango mfupi ukawa moto mpaka rangi yake ikavimba, ndipo ikatoka ndani sauti ya Shangazi, Shangazi mzima wa zamani, ikisema kwa uchovu, "Kidege, mwanangu, wanitoa huku wanipeleka wapi? Huku ndiko niliko. Huyo uliyemkalisha kitini humjui," na Kidege akageuka akamwona Shangazi wa kitini midomo yake imefumbwa, macho yamemtoka, naye hakujua ni yupi wa kumwonea huruma.

"Soma!" alinguruma fundi viatu. "Usimjibu! Soma!"

Akasoma. Akasoma akilia, mpaka orodha ikabaki na mstari mmoja, nao ukafungwa, na mashine ikazima taa zake yenyewe.

Mchapo ukakoma.

"Mbona mmenikalisha mlangoni kama mwizi aliyekamatwa?" aliuliza Shangazi. Kisha akamtazama Kidege juu hadi chini. "Na wewe lile kopo la kijani umelitupa, au mpaka tufe kwa kutu?"

Bwana Koma alicheka mpaka akavua miwani. Kidege aliuweka uso wake shingoni mwa Shangazi, akainusa dawa ya magoti, sabuni, pasi.

Fundi viatu hakuchukua kitu. Aliwaambia wafunge kila wanachofungua, mteja awepo asiwepo, akarudi kwenye viatu vyake.

Maisha yakarudi. Tumbo lilikaa jepesi. Shangazi aliwagombeza wateja, akafunga kilemba chake mwenyewe, akawacheka walipokosea. Kidege hakumuuliza habari za mama. Tarehe ilikwisha kupita, na alijiambia kwamba jambo zuri halina haraka. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa kikimkereketa moyoni: katika vivuli vyote alivyosoma mchana ule, hakuiona mvua ya hospitali. Alijituliza kwamba pengine kivuli hicho alikisoma Bwana Koma katika vurugu ile.

Kisha Waya akaja, bila begi.

Alisimama ofisini kama mteja, akakataa kiti. "Dada, siwezi kulala," alisema. "Vile vya kwanza... sikuvifungua. Nilikuwa na haraka. Nilivichagua vyote, nikafuta."

"Ulisema vilikuwa vitupu."

"Niliona haya. Na niliona ni mambo ya kishirikina tu, nikasema liwalo na liwe. Nisamehe."

"Vinaweza kurudishwa?"

Waya akatikisa kichwa.

Kidege hakumtukana. Alimuuliza Bwana Koma kuhusu mvua ya hospitali. Bwana Koma akasema hakukisoma kitu kama hicho, angekikumbuka. Basi akapanda ngazi. Alipanda akiomba jambo moja tu: Shangazi aseme hakumbuki. Kusahau kungekuwa msiba, lakini msiba wa kawaida, wa kulia na kuzoea.

Shangazi alikuwa dirishani akikunja nguo. Kutoka ng'ambo ya barabara ilisikika nyundo ya fundi viatu ikipiga soli.

"Shangazi," alisema Kidege. "Nihadithie mama."

Shangazi alitabasamu. "Kulikuwa na mvua," alisema. "Inapiga bati kama mtu anayemwaga mchele. Kitanda kilikuwa cha dirishani."

Kidege akaketi chini kwa faraja, machozi yakimlengalenga. Kumbe Waya alijitia hofu bure. Kila kitu kilikuwapo, na kilitoka kwa sauti ile ile, polepole, mikono ikiendelea kukunja.

"Mama yako akaomba maji. Shangazi yako akatoka kuyafuata."

Nguo ikakunjwa, ikawekwa juu ya nyingine.

"Nani alitoka?" aliuliza Kidege.

"Shangazi yako. Alichelewa, bomba lilikuwa mbali. Mle ndani mkabaki wewe na mama yako, na mimi juu ya kabati. Hakuniona. Alikuinua akakuweka uso kwa uso, akakwambia maneno. Mengi. Huyu wa magoti hakuyajua kamwe. Aliporudi alikuta kicheko tu."

Akamtazama Kidege kwa macho ya Shangazi, yenye upole wote wa Shangazi, akingoja.

Dirisha lilikuwa wazi. Ukelele mmoja ungetosha. Fundi viatu angeacha kiatu mkononi na kuvuka barabara. Kidege aliinuka. Alifika dirishani, akaisikia nyundo ikipiga, ikatua, ikapiga.

Akalifunga dirisha. Akarudi, akaketi pale pale miguuni.

"Maneno gani?" aliuliza.